Twende Kilioni

Jumamosi, 14 Machi 2020

Mvua toka alfajiri. Mbele ya saluni pamekuwa dimbwi, Mwanaheri katupa matofali ili wateja wapite bila kulowa. Wamekuja tu. Mvua ya Tandika haimzuii mwanamke mwenye harusi kesho.

Mama Mfaume naye kaja, kama Jumamosi zote. Ni mama yake Mwanaheri, wanakaa pamoja kwenye nyumba ya familia, mtaa wa nyuma. Mwanaye ni fundi wa nywele, lakini bibi huyu hataki mikono mingine ila yangu. Eti Mwanaheri anavuta kichwa kama anang'oa magugu. Na hataki mtindo mwingine ila twende kilioni, ile mistari ya kulala inayorudi nyuma, basi, imekwisha.

"Mama, huo ni wa kwendea misibani," Mwanaheri kamwambia. "Siku moja badilisha."

"Kwani misiba imekwisha mjini?"

Tukacheka wote. Akanishika goti, akasema, "Mwache mwali wangu anisitiri kichwa." Mie Mnyakyusa wa Tukuyu, yeye Mzaramo, lakini tangu nimepanga fremu hii na mwanaye ananiita mwali wake. Jumamosi nisipomwona huwa nahisi wiki haijaisha.

17 Machi

Shule zimefungwa. Redioni ni korona tu. Watoto wa uani wanashangilia.

24 Machi

Tumeweka ndoo ya koki mlangoni. Mwanaheri anasimamia mteja mpaka amalize kunawa, kama askari. Malimao yameadimika sokoni, tangawizi ndiyo usiulize. Mama Brightson, mwenye nyumba wangu, katukusanya uani akatuambia tuombe sana, na tujifukize. Tumejifukiza. Shuka zote zinanuka mwarobaini.

Ijumaa, 3 Aprili

Kichwa kinauma na miguu mizito. Nimenyeshewa juzi, nadhani ni mafua ya masika.

6 Aprili

Leo nimefungua kopo la dawa ya nywele, ile inayochoma pua mpaka machozi, sikusikia harufu yoyote. Nikaiweka karibu zaidi. Hamna kitu. Nikamwambia Mwanaheri narudi kulala. Kanitazama. Kanibebea mwavuli mpaka nyumbani.

Alhamisi, 16 Aprili

Nesi kanipa kalamu. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Nataka niandike kabla mambo hayajachanganyika.

Ijumaa Kuu asubuhi nilianguka chooni. Nakumbuka baridi ya sakafu. Nakumbuka Mama Brightson amesimama mlangoni kaziba pua kwa kanga, haingii, anaita tu, "Tupo. Tupokigwe. Amka." Aliyeingia ni Mwanaheri. Sijui nani alimwita. Aliniinua akanilaza kitandani, akapiga ile namba wanayoitangaza redioni. Nilimsikia anawaambia, "Anapumua kama samaki. Fanyeni haraka."

Gari lilikuja na king'ora. Wakashuka watu wamevaa manailoni meupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, macho tu yanaonekana, tena kwa mbali. Uani pakajaa. Wakati wananitoa niliona simu zimeinuliwa juu ya vichwa. Wapangaji wenzangu, watu ninaochota nao maji, watu nilioshika watoto wao siku za arobaini, wananirekodi. Mtoto akasema, "Korona hiyo," na mama yake hakumkataza. Nyuma yangu mtu alikuwa anapulizia dawa mlango wangu, ndoo yangu, kandambili zangu.

Nilimtafuta Mwanaheri kwa macho. Alikuwa amesimama mvuani, mikono kichwani, kama mtu aliyefiwa.

Kitanda cha jirani yangu humu kimebadilisha watu. Sitaandika kuhusu hilo.

19 Aprili

Leo nimekula uji ukaisha. Nesi kasema, "Umerudi, dada." Nimelia.

22 Aprili

Mtu kanitumia video. Ni mie, nimelala kwenye machela, kanga imenipanda mpaka mapajani. Wameandika chini: MSUSI WA TANDIKA, ALIYESUKWA NAYE AKAPIME. Imezunguka mji mzima. Nilichokiangalia muda wote ni ile kanga. Hakuna hata mmoja aliyeishusha.

Jumapili, 26 Aprili

Nimeruhusiwa. Vipimo safi, wamenipa na karatasi. Nesi kanieleza vizuri: siwezi kumwambukiza mtu tena, niende nikaishi.

Dereva wa bajaji kanichukua bila maneno, mpaka nilipomtajia mtaa. Akauliza, "Si ndio kule kwa yule msusi?" Nikasema ndio huko. Akasema hafiki ndani, ataniacha barabarani.

Nilipoingia uani kila mtu aliingia chumbani kwake. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Mama Brightson peke yake alibaki, kwa mbali, kashika fagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Mungu mkubwa."

Nikamnyooshea karatasi. Akasema niisome mwenyewe, yeye hana miwani. Miwani ilikuwa kifuani. Nikaisoma kwa sauti, pale kati ya uwanja, kama mtoto anayesomeshwa risala. Nilipomaliza akasema, "Mie sina neno na wewe, Tupo. Ni wapangaji. Wanasema watahama." Kisha akanionyesha ndoo iliyofungwa kitambaa chekundu: yangu hiyo, nisichotee nyingine. Na bafuni niingie wa mwisho, watu wote wakishaoga, halafu nimwage dawa.

Nimesema sawa. Nimefika chumbani nikakuta godoro halipo. Wamelichoma.

28 Aprili

Nimekwenda saluni. Nilitaka kumshukuru Mwanaheri kwa kuokoa roho yangu, maneno nilikuwa nayo njia nzima.

Kwenye ukuta paliandikwa majina yetu mawili. Jina langu limepakwa rangi ya bluu, lakini rangi yenyewe nyepesi, ukikaza macho unaliona chini yake. Stuli yangu iko nje kwenye tope. Machanuo yangu, vibanio, rasta nilizokuwa nimenunua, vyote ni jivu kwenye kopo la rangi pembeni ya mtaro.

Mwanaheri katoka mlangoni, kavaa barakoa, hakuvuka kizingiti. Ndani kulikuwa na mteja mmoja, amegeuza uso ukutani.

"Umepona," kasema.

"Nimepona. Nimekuja kukushukuru."

Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni saumu au nini, maana Ramadhani imeanza.

"Tupo, walisema hawaji kama upo. Wengine walipita wanatema mate mlangoni. Nifanyeje? Nina mama mzee nyumbani."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia kila siku." Halafu akashusha sauti. "Nenda, shoga angu. Nenda kwanza. Mambo yakipoa nitakuita."

Nimerudi na stuli yangu kichwani. Mvua ilikuwa inanyesha na watu walikuwa wananipisha barabara nzima, pana kama napita na maiti.

29 Aprili

Mvua. Sikutoka.

Jumamosi, 2 Mei

Mama kanipigia kutoka Tukuyu. Nilikuwa nimeshafunga begi. Kaniuliza hali, kanisomea zaburi, akalia kidogo. Kisha akasema nisije kwanza. Wifi yangu ana mtoto mchanga, na kule kijijini video imefika. "Si mie, mwanangu," kasema. "Ni watu." Kila mtu ananiambia ni watu. Hao watu wenyewe sijawaona bado.

Nimelifungua begi.

4 Mei

Kwenye genge muuzaji kanitilia nyanya kwenye mfuko kwa kijiti, moja moja, halafu kauning'iniza mfuko kwenye msumari nikauchukue mwenyewe. Nilimsuka binti yake alipomaliza la saba.

Alhamisi, 7 Mei

Mwanaheri kaja. Kapitia nyuma, kwenye uzio wa mabati, akaniita kwa jina la utotoni ambalo ni yeye peke yake niliyewahi kumwambia. Nimemkuta kasimama kwenye maji machafu, hana barakoa, kaushika mtandio kwa meno.

"Mama anaumwa."

"Toka lini?"

"Toka Jumatatu. Anakohoa, chakula hali. Nimemfukiza, nimempa kila kitu. Jana usiku kucha nasikia kifua chake kinakoroma." Akanitazama. "Anakutaka wewe. Na wewe umeshaugua, Tupo. Wewe haikuwezi tena."

Nilifahamu hapo kwamba hajaja kunitazama mie. Sikujali. Nilimwambia twende, lakini tupige simu kwanza, gari lije.

"Hapana."

"Mwanaheri, mie nilikuwa vilevile. Waliniwekea hewa ndiyo nikapona. Nyumbani hakuna hewa ya kumsaidia."

"Mie ndiye niliyekupigia simu wewe," kasema. "Nilisimama pale. Niliona walivyokutoa, niliona watu, niliona kanga yako. Nilirudi nyumbani nikatapika. Mama yangu ni mwalimu wa madrasa ya kina mama mtaa mzima, Tupo. Atolewe vile? Apigwe picha vile? Bora afe na heshima yake."

"Hajafa bado."

"Basi nisaidie asife."

Tumekubaliana niwe naingia magharibi, watu wakiwa ndani wanafuturu na vichochoro vitupu. Nipitie mlango wa jikoni.

8 Mei

Nimeingia. Mama Mfaume amekonda, mashavu yameingia ndani, lakini kanitambua kabla sijasema shikamoo.

"Mwali wangu. Walisema umekufa."

"Sijafa, mama."

"Ndio, nakuona. Njoo hapa."

Akanishika mkono. Nimekaa pale na mkono wangu umeshikwa mpaka futari ya Mwanaheri ikapoa. Ni mtu wa kwanza kunigusa tangu nitoke hospitali. Sikutaka ajue, nikageuza uso.

9 Mei

Nimemlaza kifudifudi kama walivyonilaza mie. Kapumua vizuri kidogo. Nimemwambia Mwanaheri hii ni ya kusogeza muda tu, muda wa kufika hospitali. Kasema kesho tutaona.

10 Mei

Kesho imefika, kasema kesho. Kampigia kaka yake, Mfaume, anayefanya biashara Kipawa. Mfaume kasema hapana, tena kwa ukali: nyumba itawekwa alama, duka lake litakufa, mama atazikwa na watu wa manispaa bila hata sala ya watu wake. Nilikuwa nimekaa hapohapo nayasikia kwenye simu. Nikasema kwa sauti, "Mpelekeni leo, atazikwa na nyie baada ya miaka kumi." Mfaume akauliza, huyo nani anayeongea? Mwanaheri akakata.

Nimechukua simu yangu nikabonyeza ile namba. Mama Mfaume akanishika mkono, mkono wenyewe hauna nguvu.

"Usinipeleke, mwali. Nimeiona video yako." Akapumzika, akavuta pumzi. "Mie sina ujasiri wako."

Ningeweza kumwambia sikuwa na ujasiri, sikuwa na fahamu. Nikaizima simu. Mtu mzima, ana akili zake, kasema hapana. Nitaliwaza hili maisha yangu yote.

11 Mei

Kaomba nimsuke. Mwanaheri kasema nitamchosha, yeye akasema nywele zimechafuka, ataonekana vipi mbele za watu. Nimemuweka kichwa mapajani, nikamfumua taratibu, nikampaka mafuta. Nywele zimebaki chache, laini, nyeupe kama pamba. Hakuwa na pumzi ya kusema mtindo gani. Nimeusuka uleule. Mistari imekaa vizuri. Mwanaheri alikuwa kashika taa ya simu na machozi yanamdondokea kwenye mikono yangu, na mie sikuacha kusuka.

Jumanne, 12 Mei

Mama Mfaume kafariki alfajiri. Sikuwapo. Nimejua kwa turubai. Nilipotoka kwenda dukani nikaona vijana wanalifunga kwenye nguzo, na wanaume wamekaa kwenye mikeka.

Mtaani wanasema presha. Ndivyo Mfaume alivyotangaza.

Nikafikiri kuhusu wanawake watakaomwosha. Watu wazima wenzake, nawajua wote, nimewasuka. Watamshika kwa mikono mitupu, watainama juu ya uso wake, wakiamini ni presha. Nilikuwa na boksi la glavu, zile tunazovaa tukipaka dawa ya nywele, lilinusurika kwa kuwa lilikuwa chumbani kwangu. Nikalifunga kwenye kanga pamoja na barakoa nilizokuwa nazo, nikavaa baibui nililowahi kupewa na marehemu mwenyewe, nikaenda.

Nilifika mpaka mlango wa uani. Wanawake wakaniona. Mmoja akavuta mkeka wake nyuma, na wa pili, na wa tatu, mpaka nikawa nimesimama peke yangu kwenye saruji tupu. Mfaume akatoka. Ni mara yangu ya kwanza kumwona ana kwa ana, ana pua ya mama yake.

"Wewe si ndio wa kwenye video?"

"Ndio. Poleni na msiba, kaka. Nimeleta—"

"Huyu alikuwa anaingia humu ndani?" Hakuniuliza mie. Alimgeukia dada yake, mbele ya mji mzima. "Mwanaheri. Huyu alikuwa anaingia kwa mama?"

Mwanaheri alikuwa amekaa chini, kashikwa na mashangazi huku na huku. Aliinua uso. Tulitazamana. Juzi tulikuwa tumekaa sakafu moja, tumegawana tende.

"Hajawahi kuingia," kasema. "Tangu atoke hospitali hajakanyaga hapa."

Mvua ikasikika juu ya turubai. Wote wakanigeukia mie. Ningesema neno moja tu. Ningesema, tazameni kichwa cha marehemu, mtajua ni mkono wa nani, kila mwanamke hapa anaujua mkono wangu. Na nikisema hivyo, wale waoshaji wangeinuka wakaondoka, na Mama Mfaume angebaki kitandani peke yake mpaka lije gari la manispaa.

"Kweli," nikasema. "Sijawahi. Nilipita kutoa pole."

Nikauweka mzigo chini kwenye saruji, nikamwambia Mwanaheri, "Hii ni ya waoshaji. Tafadhali, dada, ya waoshaji." Nikaondoka. Nilipofika kona niligeuka. Alikuwa ameinuka, ameuokota mwenyewe, anaingia nao ndani.

Alasiri jeneza lilipita barabara kubwa. Nimesimama dirishani. Watu walikuwa wengi, wanapokezana mabegani kama inavyotakiwa. Alitaka hivyo, na kapata.

Sikuweza kutoka kumsindikiza.

13 Mei

Mvua. Mama Brightson kaniambia kupitia mlango kwamba waoshaji walivaa glavu, watu wanashangaa uzungu gani huo. Nimeshukuru Mungu.

17 Mei

Mtaani presha imebadilika. Sasa wanasema ni korona, na wanasema ni mie niliyempelekea. Nesi alinieleza siku ya kutoka, sina tena cha kumpa mtu. Nimweleze nani?

Jumapili, 24 Mei

Idi. Asubuhi nimekuta sahani mlangoni, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Pilau. Nimekula yote, nimelia, nimeosha sahani.

Mchana simu imelia. Ni Mwanaheri.

"Tupo. Ningesema nini?"

"Najua."

"Wangemwacha. Unawajua. Nani angemwosha?"

"Najua, Heri."

"Usiniambie najua. Nitukane basi."

Sikumtukana. Nilimwuliza kama anakula. Kasema anakula. Nikamwuliza kama anakohoa, akasema hapana. Akaniambia wateja wamerudi, kwa sababu watu wamemwonea huruma, yatima aliyeuliwa mama na rafiki yake. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini sana, na mie nikaelewa kwamba hakunipigia kunirudisha saluni. Alinipigia kuniaga.

"Sahani yako nimeiosha," nikasema.

"Kaa nayo."

Jumapili, 31 Mei

Mama Brightson kaniomba nimwachie chumba. Kasema kwa heshima, na kalia kweli. Nadhani anaamini hao watu wapo.

Jumatano, 10 Juni

Niko Kunduchi. Mvua zimekatika, jua la huku linachoma. Nimepata kibaraza karibu na pale samaki wanapopandishwa, nimeweka stuli na chanuo jipya. Hakuna anayenijua. Wanawake wanaouza samaki wanasukwa harakaharaka, kabla mali haijafika, na mikono yao inanuka magamba. Wa kwanza kaniuliza jina, nikamwambia naitwa Tupo. Wa pili, msichana anaitwa Lulu, kakaa akaanza maneno kabla sijamgawa nywele. Anapenda kusimulia huyu.

"Dada, we umetokea wapi?"

"Temeke."

"Temeke? Basi utakuwa umesikia. Kuna mama wa watu kafa huko, Tandika, mwalimu wa madrasa. Wanasema msusi wake alitoka hospitali na korona, akamwendea kwa siri ndani, akamshika kichwa. Kisa wivu wa biashara na mwanaye." Akasonya. "Mtu ana roho gani huyo?"

Nilikuwa nimeshika nywele zake mkononi, nusu zimegawanywa. Nyuma yake walikuwa wamekaa watatu wanasubiri zamu, wote wananitazama, wanangoja niseme nimesikia nini huko Temeke.

"Sijui," nikasema. "Inamisha kichwa kidogo, mdogo wangu."

Akainamisha.